Mwenye Shaka Aanze Kusema

Kila mwaka tunapofika kwenye mifululizo ya fonksioni, hakosekani mwanafunzi wa kuuliza swali ambalo wenzake wanalo lakini wanalionea haya: Madamu, ikiwa Cauchy alikwisha kulithibitisha hili, na vitabu vimelichapa, sisi watu wa Bunia tunalithibitisha tena ili iweje? Oditwari nzima hucheka. Mimi huliandika swali hilo juu kabisa ya ubao, na halifutwi mpaka somo liishe. Kwangu ni swali la dini kabla halijawa la hesabu. Kijana anataka kujua kama neno la mkubwa linatosha.

Mimi ni mtoto wa katekista. Baba alifundisha kwa maswali na majibu, na jibu lilipaswa kutoka kinywani mwa mtoto kama lilivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza. Sidharau malezi yale. Kichwa kitupu hakina cha kufikiria, na mwanafunzi anayenidai maana ya kila jambo wakati jedwali la kuzidisha bado linampiga chenga ananichosha. Ila baba alikuwa na tabia moja ambayo sikuiona kwa makatekista wengine. Mtoto akishajibu sawasawa, baba alimwuliza: "Na jirani yako akikataa, utamwambia nini?" Wengi walinyamaza. Nadhani niliingia hesabu kwa mlango huo.

Basi namjibu mwanafunzi kwa kuanza na Cauchy mwenyewe. Augustin-Louis Cauchy alifundisha École Polytechnique mjini Paris, na mwaka 1821 alichapisha kitabu cha masomo yake ya analizi. Alikuwa Mkatoliki wa kushika dini kwelikweli. Mwaka 1830, mfalme Charles X alipopinduliwa, Cauchy alikataa kumwapia mfalme mpya, akapoteza vyeo vyake, akaenda uhamishoni. Mtu aliyeogopa kiapo kiasi hicho hatuwezi kumdhania kuwa aliandika ovyo. Na katika kitabu kile aliandika kwamba ukijumlisha fonksioni zisizokatika, hata zikiwa hazina mwisho, mradi jumla ipatikane kila mahali, jumla hiyo nayo haikatiki. Akaweka uthibitisho wake hapo.

Si kweli. Mwaka 1826 Niels Abel, kijana wa Norway ambaye hakuwa hata na kazi ya kudumu, alitaja mfano unaoiangusha teorema hiyo. Chukua sinusi ya x, toa nusu ya sinusi ya 2x, ongeza theluthi ya sinusi ya 3x, toa robo ya sinusi ya 4x, uendelee hivyo bila kukoma. Kila kipande kinapanda na kushuka taratibu, hakina mahali kilipokatika. Jumla yake inapanda imenyooka kama rula, ikiwa nusu ya x, mpaka inapoikaribia pai. Pale pale kwenye pai inaanguka hadi sifuri, na ng'ambo ya pai inaanzia tena chini. Ninawaagiza wanafunzi wajumlishe kwa simu zao: vipande 5, vipande 10, vipande 30. Wanapochora, wanaona mstari unavyozidi kusimama wima karibu na pai, na ndipo kelele za oditwari zinapotulia.

Halafu nawarudisha kwenye uthibitisho wa Cauchy tuusome mstari kwa mstari, kama polisi anayekagua karatasi za gari. Kosa liko wapi? Hupita muda mrefu kabla ya mtu kuinua mkono. Cauchy alisema: ngojea vipande vya kutosha, na kinachobaki kitakuwa kidogo unavyotaka. Vya kutosha kwa nani? Kwa x moja vinatosha 20, kwa x iliyo karibu zaidi na pai vinatakiwa 2,000, na kadiri unavyosogea ndivyo hesabu inavyozidi kukimbia. Neno moja lilibeba mambo mawili, na mtu aliyekataa kula kiapo cha uongo hakuliona. Wanahesabu walihitaji zaidi ya miaka 20 baada ya Abel kuyatenganisha mambo hayo mawili waziwazi. Abel hakuishi kuona; alikufa mwaka 1829, akiwa na miaka 26, kwa kifua kikuu.

Kwa hiyo tunathibitisha tena kwa sababu wakubwa hukosea. Jibu hilo ni la kweli, lakini mwanafunzi mwerevu haliridhii. Atasema: sawa, Cauchy alikosea, ila kosa limekwisha kurekebishwa na walioelewa, niandikie teorema iliyorekebishwa, nami nitaikariri. Hapo ndipo ninapolazimika kusema jambo ambalo ni gumu zaidi.

Tazama jinsi tunavyoeleza kikomo. Tunasema: kwa kila epsilon iliyo kubwa kuliko sifuri, ipo namba N. Watoto wanaiogopa sentensi hiyo kama mzimu, na ninaelewa. Lakini iangalie kama mazungumzo ya watu wawili. Wewe usiyeniamini ndiye unayeanza. Unataja epsilon yako: sehemu ya elfu, sehemu ya milioni, upendavyo. Ni juu yangu kukutafutia N ambayo kuanzia hapo kinachobaki ni kidogo kuliko epsilon yako. Sina ruhusa ya kukuambia kwamba epsilon yako ni ndogo mno, wala kukuuliza unatoka wapi na baba yako ni nani. Nikishindwa kukujibu mara moja tu, teorema yangu imekufa. Mpangilio huu, ambao wanafunzi wanauona kuwa mateso ya makusudi, ni heshima kubwa kwa mwenye shaka. Sijapata kuona heshima hiyo barazani, ofisini wala kanisani. Tomaso mtume alipewa nafasi ya kugusa, lakini hadi leo tunamtaja kwa kumsikitikia. Katika uthibitisho, Tomaso ndiye mwenyekiti.

Mwaka mmoja kijana alikuwa ubaoni akieleza kuhusu x ikigawanywa kwa n. Kwa kila x, n ikikua, jawabu linaelekea sifuri. Hilo ni sawa. Akaendelea: kwa hiyo ipo N moja inayotosha kwa x zote. Kutoka safu za nyuma msichana akasema hapana. Mtu asiyekaa Ituri, mkoa wetu huu wa mashariki mwa Kongo, hataelewa kwa nini oditwari iliganda. Hapa jina la mtu linatosha kuonyesha kijiji chake, na kijiji kinatosha kuonyesha nani alichomewa nyumba na nani anashukiwa kuchoma. Tulijua majina yao wote wawili. Tangu vita vya 1999 hadi 2003, na tena tangu mauaji yaliporudi Djugu mwishoni mwa 2017, "hapana" inayotoka upande mmoja kwenda upande mwingine si neno dogo. Msichana akasema tu: "Nipe hiyo N yako." Kijana akataja mia moja. "Sasa weka x ni mia moja." Mia kugawanya kwa mia ni moja. Akataja elfu, akaambiwa aweke x elfu. Kijana akakaa kimya, akautazama ubao, kisha akachukua kitambaa akafuta mwenyewe.

Sitaki kulipamba tukio hilo. Hawakuwa marafiki baada ya hapo, kwa kadiri nilivyoona, na hesabu haipatanishi watu. Anayedhani inapatanisha akumbuke Göttingen. Novemba 1933, katika chuo kilichokuwa kitovu cha hesabu duniani, wanafunzi waligomea somo la kalkulasi la Edmund Landau kwa sababu alikuwa Myahudi. Mwaka uliofuata Ludwig Bieberbach, mwanahesabu mwenye jina, aliutetea mgomo ule na kudai kwamba kila damu ina hesabu yake. Mwaka 1936 alianzisha jarida la "hesabu ya Kijerumani". Watu hao walijua epsilon kuliko mimi.

Na bado kuna kitu ambacho Bieberbach hakuweza kukifanya. Mwaka 1916 aliacha dhana moja juu ya fonksioni, akashindwa kuithibitisha, na wengine wengi wakashindwa kwa karibu miaka 70. Mwaka 1984 Louis de Branges wa Marekani alisema amefaulu. Wenzake hawakumwamini, maana alikuwa amewahi kutangaza mambo makubwa yakaja kuonekana na makosa. Akasafiri hadi Leningrad, katika Urusi ya Kisovieti, wakati nchi hizo mbili zikielekezeana makombora. Wanahesabu wa huko wakaketi naye, wakaupitia uthibitisho hatua kwa hatua, wakasema: ni sahihi. Mtu hakuaminiwa, uthibitisho ukaaminiwa. Nawasimulia wanafunzi kisa hiki kila mwaka, na sijachoka nacho.

Hata hivyo nina deni la kusema ukweli mwingine. Ninawafundisha kwamba teorema ya mwisho ya Fermat ni kweli. Andrew Wiles aliitangaza Juni 1993 mjini Cambridge, pengo likaonekana, naye pamoja na Richard Taylor wakaliziba mwaka 1994. Uthibitisho ulichapishwa 1995. Sijausoma. Sehemu kubwa ya maneno yake siyaelewi, na sitayaelewa kabla ya kustaafu. Ninaamini kwa neno la mashahidi. Kuna tofauti gani basi kati yangu na jirani yangu anayemwamini nabii wake kwamba namba fulani katika Ufunuo inataja mwaka wa mwisho wa dunia?

Nimefika kwenye jibu moja. Barabara ya kutoka hapa kwenda Mahagi, na ile ya Komanda, kila msafiri anazijua barieri zake: kamba imevutwa, mtu amekaa kando, na kupita kwako kunategemea yeye. Njia ya uthibitisho wa Wiles ni ndefu na inapanda vibaya, lakini haina barieri. Hakuna aliyekaa kando akisema huyu apite, yule arudi. Nikiwa na miaka ya kutosha na vitabu vya kutosha naweza kwenda mwenyewe, na waliokwenda hawakuwa wa ukoo mmoja. Ninaamini kwa sababu njia iko wazi, ingawa miguu yangu haijafika. Nabii wa jirani yangu ukimwuliza alihesabuje, anakuambia amefunuliwa yeye peke yake.

Jambo hili lilitugusa kwa ubaya. Tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola iliua watu 2,287, karibu wote katika Kivu Kaskazini na Ituri. Niliziamini zile hesabu za kila siku redioni. Majirani wengi hawakuziamini. Walisema ni biashara. Wasomi wenzangu waliwaita wajinga, nami sikukubali. Hesabu zililetwa na watu wenye magari makubwa na walinzi, maiti ikachukuliwa ndugu wasione, na anayeuliza akajibiwa kwa hasira. Namba ilikuwa ya kweli, ila imewekewa kamba barabarani. Mwananchi wa Ituri ameshazoea kwamba penye kamba pana mtu anayekula.

Na sisi walimu, je? Ninawajua walimu ambao mwanafunzi asiponunua silabusi yao anajua kabisa pointi zake zitakuwa ngapi. Ninajua jinsi profesa mgeni anavyoshuka kwenye ndege, anamaliza saa 45 za kozi ndani ya wiki moja, asubuhi mpaka jioni, anatoa mtihani na kuondoka. Simlaumu sana yeye. Vyuo vyetu vya mikoani vina maprofesa wachache, na barabara si za kuchezea. Lakini katika mwendo huo uthibitisho ndio wa kwanza kutupwa nje ya gari. Inabaki orodha ya teorema, na mwanafunzi anazibloka usiku kwa mwanga wa simu kama nilivyokariri katekisimu. Anatoka na diploma, anakwenda kufundisha sekondari kijijini, na huko anasema: ni hivyo kwa sababu imeandikwa. Njia ambayo kwa haki iko wazi, tumeifunga kwa ratiba.

Siachi mfupa wa Ishango upite bila kutajwa, kwa sababu wanafunzi wangu wanaupenda. Jean de Heinzelin, Mbelgiji, aliuchimbua mwaka 1950 pale mto Semliki unapotoka ziwa Edward. Una umri wa miaka 20,000 hivi, na leo uko kwenye jumba la makumbusho mjini Brussels. Semliki huohuo unashuka mpaka ziwa Albert, ambalo samaki wake tunawala hapa wakiletwa kutoka Kasenyi na Tchomia. Mfupa una mistari mitatu ya alama. Mmoja una 11, 13, 17 na 19, jumla 60. Wa pili una 11, 21, 19 na 9, jumla 60 tena. Wa tatu unajumlika 48. Namba 11, 13, 17 na 19 ni namba tasa zote zilizoko kati ya 10 na 20, na hapo ndipo wanafunzi wanaposimama: babu zetu walijua namba tasa kabla ya Wagiriki!

Ningependa sana iwe hivyo. Na kwa sababu ningependa, ndiyo maana naikagua mara mbili. Namba tasa haijulikani bila wazo la kugawanya, na alama zile hazituonyeshi mtu akigawanya. Wapo walioona humo kalenda ya mwezi, wapo walioona mchezo wa hesabu, na wapo wanaosema zilichongwa ili mkono usiteleze. Mwanafunzi mmoja alinikasirikia: Madamu, wewe unasema kama Wabelgiji. Nilimwambia lete uthibitisho, nitakuwa wa kwanza kuupeleka Brussels na kuwadai mfupa wetu. Fahari nayo ni mkubwa anayetaka kuaminiwa kwa neno lake tu, na ndiye mgumu kuliko wote, kwa kuwa anazungumza kwa sauti ya nyumbani.

Aliyenisaidia zaidi katika mambo haya hakuwa mwanahesabu wala Mkristo. Ni Imamu Ghazali, aliyefundisha Baghdad na kufariki mwaka 1111. Nimemsoma kwa Kifaransa. Katika kisa cha maisha yake anatoa mfano ambao ungefaa kuhubiriwa katika kila uwanja wa maombezi hapa mjini. Mtu anadai kwamba tatu ni nyingi kuliko kumi. Kama hoja anasema atageuza fimbo kuwa nyoka, na anaigeuza kweli mbele ya watu. Ghazali anasema angestaajabia uwezo wa mtu huyo, lakini hangekuwa na shaka hata kidogo kwamba kumi inazidi tatu. Muujiza ni jambo moja, na ukweli wa hesabu ni jambo jingine. Mmoja hautoi ushahidi kwa niaba ya mwingine. Ghazali huyohuyo anawaonya watu wa aina mbili: anayevutiwa na uhakika wa hesabu hadi akadhani kila analosema mwanahesabu lina uhakika uleule, na mpenda dini anayedhani anaitetea dini kwa kuzikana hesabu. Ninawafahamu wote wawili. Wa kwanza wako kwenye chumba cha walimu, wa pili wanapaza sauti kwenye vipaza sauti siku ya Jumapili.

Lakini Ghazali hakuishia hapo. Alishuka chini zaidi, akatilia shaka macho, kisha akatilia shaka hata akili, akakaa karibu miezi miwili hana pa kusimama. Hakuponywa na hoja. Anasema ni nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Wanafunzi wakisikia hivyo wanafurahi, wanadhani dini imeshinda. Mimi nasema amesema kitu ambacho kila mwalimu wa hesabu anakijua na hapendi kukitangaza. Uthibitisho una mwanzo. Kuna mambo machache tunayoyaweka mezani bila kuyathibitisha, kwa kuwa tungeyathibitisha kwa kutumia nini? Anayedai yathibitishwe nayo hatapata jibu, na hatakuwa mwerevu zaidi kwa kulikosa.

Katika mtihani mmoja mwanafunzi alifika katikati ya uthibitisho, akakwama, kisha akaandika: kwa neema ya Mungu tunapata. Na mstari uliofuata ulikuwa jawabu sahihi, kama lilivyo kwenye silabusi. Nilimnyima pointi za swali lile. Alipokuja kulalamika nilimwambia kwamba mimi pia naamini neema, ila haiingii kati ya mstari wa nne na wa tano. Ilikuja kabla ya mstari wa kwanza. Kati ya mistari anayefanya kazi ni wewe, na jirani yako ana haki ya kuikagua kazi hiyo, awe wa kanisa lako au sivyo, wa kabila lako au sivyo.

Huo ndio msimamo wangu kuhusu swali lililoandikwa juu ya ubao. Kuamini kwa neno la mwingine si dhambi. Bila huko nisingejua hata tarehe niliyozaliwa. Dhambi ni kumfungia mwingine njia ya kwenda kuhakikisha, kisha kumwita mwasi kwa kuuliza.

Walimu wenzangu wa Bunia, na nyinyi mnaokuja kwa ndege mkiwa na saa 45 mkononi, nawaomba jambo moja ambalo halihitaji bajeti wala barua ya wizara. Chagueni uthibitisho mmoja katika kozi yenu, mmoja tu, muutembee wote pamoja na wanafunzi tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na mumruhusu yeyote awasimamishe popote. Silabusi isipoisha, isiishe. Mimi nitaendelea na Cauchy wa 1821: katika mtihani wa mwaka huu uthibitisho wake utachapwa kama ulivyo, bila onyo lolote, na swali litakuwa kuutaja mstari ambao msomaji hapaswi kuukubali na kueleza kwa nini.